Namba 1 ni Caleb, sasa namba 9 je? Odunze, Alt, Turner ama Bowers

Drafti ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, inaanza Alhamisi hii tarehe 25 Aprili 2024 pale Detroit, kwa saa za huku kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa usiku kuamkia Ijumaa, na Chicago Bears tunaingia na machaguo mawili ndani ya kumi bora, namba 1 na namba 9. Watu wengi wanaongelea namba 1 tu, ila mimi naona kazi yenyewe ipo namba 9, maana namba 1 haina mjadala tena lakini pale kwenye 9 kuna njia kama tano na kila njia ina watu wake wenye hoja za maana. Kwa hiyo nawaweka wote mezani, nimlinganishe huyu na yule, alafu niseme ningemchukua nani na kwa nini.

Kwa ambaye ndo anaanza kufuatilia huu mchezo, drafti ni pale timu 32 zinapopokezana kuchagua wachezaji wanaotoka vyuoni, raundi 7, na timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndo inaanza. Anayechaguliwa raundi ya kwanza anasaini miaka minne na timu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano. Shikilia hiyo miaka mitano, kwa sababu kila ntakachosema hapa kinatoka humo. Mimi sichagui mtu wa kuziba pengo la Septemba mwaka huu, nachagua mtu ambaye 2026 na 2027 tutakuwa tunamhitaji sana, akiwa bado yupo kwenye mkataba wake wa kwanza.

Sasa Bears tulimaliza 7-10, yaani ushindi 7 na vipigo 10, sio timu mbaya kuliko zote, namba 1 tumeipata wapi? Tumeipata kwa Carolina Panthers. Mwaka jana meneja mkuu wetu Ryan Poles aliwauzia chaguo namba 1 la 2023, wakampa risiva (mdakaji wa mipira) DJ Moore, namba 9 na namba 61 za mwaka ule, raundi ya kwanza ya mwaka huu na raundi ya pili ya 2025. Panthers wakamchukua kwotabeki (mrushaji anayeongoza ofensi) Bryce Young, wakamaliza 2-15, wa mwisho kwenye ligi nzima, na lile chaguo lao likageuka namba 1 mkononi mwetu. Hiyo namba 9 ni ya kwetu wenyewe. Na hao Panthers naomba usiwasahau, nitawarudia.

Namba 1 niimalize haraka. Caleb Williams wa USC, alishinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, 2022, mwaka ule alirusha yadi 4,537 na tachidauni (mabao) 42 mipira iliyodakwa na wapinzani ikiwa 5 tu. Mwaka jana takwimu zilishuka kidogo, yadi 3,633 na tachidauni 30, na ile mechi ya Notre Dame ya Oktoba alidakwa mara tatu wakapigwa 48-20, lakini ukiangalia safu iliyokuwa inamlinda na difensi aliyokuwa nayo nyuma yake unaelewa alikuwa anabeba timu nzima mgongoni. Jayden Daniels wa LSU ana miguu zaidi yake, mwaka jana alikimbia yadi 1,134 juu ya tachidauni 40 za kurusha na akachukua Heisman yake, na Drake Maye wa North Carolina ana mwili mkubwa na mkono mzuri. Wote wawili ningewakubali mwaka mwingine. Ila kurusha ukiwa unakimbia, kwa pembe yoyote, mchezo ukiwa umeshavunjika, hapo Caleb yuko peke yake. Justin Fields, kwotabeki wetu wa mwaka jana, kashapelekwa Pittsburgh Steelers mwezi Machi, kwa hiyo nia ya timu inajulikana. Tusonge.

Kabla ya kulinganisha majina inabidi tuangalie nyumba ikoje. Marisiva tunao wawili wa kiwango, DJ Moore ambaye mwaka jana alishika mipira 96 kwa yadi 1,364, na Keenan Allen tuliyemtoa Chargers mwezi Machi kwa chaguo la raundi ya nne, alishika 108 kwa yadi 1,243 ndani ya mechi 13 tu. Taiti endi, mdakaji anayesaidia pia kuzuia, yupo Cole Kmet na kaongezwa Gerald Everett. Tekli (mzuiaji wa pembeni) wa kulia ni Darnell Wright, chaguo namba 10 la mwaka jana, na tekli wa kushoto, yule anayelinda mgongo wa kwotabeki anayetumia mkono wa kulia, ni Braxton Jones, kijana wa raundi ya tano kutoka Southern Utah ambaye amecheza zaidi ya wengi walivyotegemea ila mwaka jana shingo ilimweka nje mechi sita. Upande wa difensi tuna Montez Sweat anayemkimbiza kwotabeki kutokea pembeni, Jaylon Johnson keshasaini mkataba mpya wa miaka minne, na kwa kudaka mipira ya wapinzani tulifungana na 49ers kileleni mwa ligi, mara 22. Ila saki, yaani kumuangusha kwotabeki kabla hajaachia mpira, tulipata 30 tu msimu mzima na Sweat peke yake alifika katikati ya msimu akatupa 6 kati ya hizo.

Kwa hiyo mapengo matatu yanaonekana: eji (mkimbizaji wa kwotabeki kutokea pembeni) wa pili wa kumsaidia Sweat, tekli wa kushoto wa uhakika, na risiva wa kesho. Watu wengi wanayapanga hivyo hivyo na risiva wanamuweka mwisho kwa sababu tayari kuna Moore na Allen. Hapo ndo mimi siendi nao.

Rome Odunze, risiva, Washington

Urefu futi 6 na inchi 3, uzito kama ratili 212, mbio za yadi 40 kakimbia kwa sekunde 4.45. Mwaka jana alishika mipira 92 kwa yadi 1,640, hakuna risiva mwingine wa daraja la juu la vyuo aliyefika hapo, na timu yake ikaenda mpaka fainali ya taifa wakafungwa na Michigan. Nimemuangalia sana huyu kijana na kitu kinachonishika kwake sio mbio, ni jinsi anavyoichukua mipira ya kugombania, ile ambayo beki keshafika, mkono wa beki upo usoni kwake na bado mpira unaishia kwake kama vile alitupiwa yeye tu. Kwotabeki mgeni anahitaji mtu wa hivyo kwa sababu mgeni atachelewa, atarusha nyuma kidogo au juu kidogo, na risiva wa kawaida mpira huo unadondoka ama unadakwa na adui, huyu anausahihisha.

Alafu kuna moyo. Mechi na Oregon mwezi Oktoba alicheza akiwa na ubavu uliovunjika na pafu lililotobolewa kwenye mechi iliyotangulia, watu hawakujua mpaka baadaye, na katika hali hiyo akashika 8 kwa yadi 128 na tachidauni mbili, moja ndo ya ushindi dakika za mwisho, 36-33. Mechi ya mahasimu na Washington State, matokeo 21-21, dakika ya mwisho, jaribio la nne ambalo ndo la mwisho, inahitajika yadi moja, wapo kwenye nusu yao wenyewe, ukikosa hapo mpinzani anakumaliza, kocha anampa mpira risiva akimbie nao kuzunguka pembeni na Odunze anatoka na yadi 23, kisha wanapiga mpira wa ushindi. Sio kila risiva anaaminiwa na kitu kama hicho.

Upungufu upo. Akishashika mpira sio mtu wa kuwapangua mabeki watatu kama Malik Nabers wa LSU, na kuna mechi beki mwenye mikono mizito alikuwa anamchelewesha kwenye hatua za kwanza. Ila Nabers na Marvin Harrison Jr. wa Ohio State sioni wakifika 9, Cardinals wapo namba 4 na Giants namba 6 na wote wana njaa ya risiva. Odunze anaweza kufika. Narudia, anaweza, maana kuna mwaka mwingine huyu angekuwa risiva wa kwanza kabisa kuitwa na watu wasingeshangaa.

Joe Alt, tekli wa kushoto, Notre Dame

Huyu ni karibu futi 6 na inchi 9, ratili 321, baba yake John Alt alicheza tekli wa kushoto Kansas City Chiefs misimu 13, na yeye mwenyewe sekondari kule Minnesota alikuwa taiti endi kabla hajahamishiwa kwenye laini, safu inayomlinda kwotabeki, ndo maana miguu yake ni miepesi kuliko unavyotegemea kwa mtu wa kimo kile. Kaanza kucheza Notre Dame akiwa mwaka wa kwanza na hajatoka tena. Ukimuangalia hakuna cha kukusisimua, hakuna purukushani, anasimama tu mtu haponyoki, na kwa tekli hiyo ndo sifa kubwa kuliko zote.

Hoja ya kumchukua ni nzito na naiheshimu. Fields aliangushwa mara 55 msimu wa 2022 na mara 44 mwaka jana, sehemu ni kosa lake kushikilia mpira muda mrefu, na Caleb naye ana tabia hiyo hiyo ya kushikilia. Ukimuweka Alt kushoto na Wright kulia umemaliza habari ya pembeni mpaka 2028, Braxton Jones anakuwa akiba mzuri wa pande zote mbili. Tatizo ni kwamba Chargers wapo namba 5 na kocha wao mpya Jim Harbaugh anapenda kujenga timu kuanzia laini, na Titans wapo namba 7 na upande wao wa kushoto mwaka jana ulikuwa wazi kama uwanja. Kumpata Alt namba 9 unahitaji wote wawili wampite. Sizuii mtu kuomba, mimi mwenyewe ningefurahi, ila huwezi kupanga drafti juu ya hilo.

Mbadala wake ni Olu Fashanu wa Penn State, ambaye angeweza kuingia drafti ya mwaka jana akaamua kurudi chuoni. Mzuri kwenye kulinda mpira ukirushwa, kwenye kufungua njia ya wakimbiaji bado anasukumwa. Kati ya Fashanu na Odunze kwangu hakuna kufikiria mara mbili. Kati ya Alt na Odunze nafikiria, na jibu langu lipo huko chini kwenye habari ya Bengals.

Dallas Turner, eji, Alabama

Sekunde 4.46 kwa mtu wa ratili 247! Marisiva wengi hawafiki hapo. Saki 10 mwaka jana, mchezaji bora wa difensi wa SEC, kundi la vyuo ambalo Alabama wanachezea, na mwaka wake wa kwanza Alabama akiwa bado mtoto alishapata 8.5 akicheza upande wa pili wa Will Anderson Jr. ambaye mwaka jana ameenda Texans namba 3 na kuchukua tuzo ya difensi ya wageni wa ligi. Kocha wetu Matt Eberflus ni mtu wa difensi na difensi yake haitumi watu wengi kumvamia kwotabeki, inategemea wale wanne wa mbele wafike wenyewe, kwa hiyo eji wa pili kwake ni lazima, sio anasa. Sweat mwaka jana akichanganya timu ya Washington Commanders na Chicago alipata saki 12.5 na mtu wa upande wa pili, DeMarcus Walker, ni mchapakazi ila hamtishi mtu.

Wasiwasi wangu na Turner ni mwili. Eji wa Eberflus anasimama chini mkono ukigusa ardhi, anapambana na matekli wa ratili 320 kila mchezo wa kukimbia, na Sweat ana ratili kama 260. Turner Alabama alikuwa anaanzia amesimama mara nyingi. Atajifunza, ana miaka 21 tu, ila mwaka wa kwanza nadhani atakuwa wa kuingia kwenye majaribio ya tatu na kutoka. Alafu ukiniuliza nani anajua zaidi kumpita tekli leo hii nitakwambia Laiatu Latu wa UCLA, saki 13 mwaka jana, mikono yake ni shule kabisa. Huyo lakini alishawahi kuambiwa na madaktari aache mpira kwa ajili ya shingo akiwa chuo cha Washington, akakaa nje, akaruhusiwa tena akahamia UCLA. Namuombea kila la heri kwa moyo wote, ila kwa namba 9 nisingethubutu bila kuona ripoti ya daktari, na ripoti hiyo wanayo wao klabu.

Brock Bowers, taiti endi, Georgia

Kipaji safi kabisa, pengine kwenye hawa wanne ndo mwenye mikono na akili ya mpira kuliko wote. Tuzo ya taiti endi bora wa vyuo kachukua mara mbili mfululizo, 2022 na 2023, hakuna aliyewahi kabla yake, na mataji mawili ya taifa na Georgia. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mguu katikati ya msimu na akarudi ndani ya mwezi mmoja hivi, bado akamaliza na mipira 56 kwenye mechi 10. Na Lions wenzetu wa kundi moja wametuonyesha taiti endi mgeni anaweza kufanya nini, Sam LaPorta alishika 86 mwaka 2023, ikawa rekodi ya mgeni kwa nafasi hiyo wakati ule.

Kwa hiyo kwa nini namuweka wa nne? Kmet ana mkataba wa miaka minne wa dola milioni 50, Everett kaletwa juzi tu, na mpango wa uchezaji wa Shane Waldron kocha wetu mpya wa ofensi hata ukiwaweka mataiti endi wawili uwanjani bado mmoja kati ya hao atakuwa analipwa kukaa. Kyle Pitts alienda Falcons namba 4 mwaka 2021, mwaka wa kwanza yadi 1,026 watu wakaona kitu kimepatikana, toka hapo hajafika tena. Sio kosa lake lote, makwotabeki aliopewa unawajua, ila inakuonyesha nafasi hiyo inategemea sana wengine wakutumie vipi. Bowers akienda timu isiyo na taiti endi atawaka. Kwetu atabanana.

Burrow, Chase na Sewell

Hii kesi ya risiva dhidi ya tekli ilishawahi kuamuliwa mbele ya macho yetu na haijapita hata miaka mitano. Cincinnati Bengals walimchukua kwotabeki Joe Burrow namba 1 mwaka 2020, mwaka huo huo akavunjika goti kwa sababu laini ilikuwa mlango wazi. 2021 wana namba 5, mezani wapo risiva Ja'Marr Chase na tekli Penei Sewell, na kila mtu mwenye akili alikuwa anasema jamani mlindeni kijana, mchukueni Sewell. Wakamchukua Chase. Mwaka ule Chase yadi 1,455 na tachidauni 13, Burrow akaangushwa mara 51 kwenye msimu wa kawaida, namba kubwa kuliko kwotabeki yeyote, mechi ya mtoano na Titans akaangushwa mara 9 na wakashinda, wakafika Super Bowl, fainali ya ligi, na huko akaangushwa tena mara 7 wakapoteza kwa pointi tatu.

Watu wa tekli wanaisoma hadithi hiyo wanasema unaona, laini ndo iliwanyima kombe. Na Sewell huko Lions leo ni tekli bora kuliko karibu wote, hilo siwezi kubisha. Lakini mimi najiuliza swali lingine, bila Chase wangefika hiyo mechi? Burrow aliangushwa mara 9 na Titans na bado timu ikapita, kwa sababu kila ambapo alipata sekunde mbili na nusu kulikuwa na mtu nje huko ambaye beki mmoja hamuwezi. Laini unaweza kuijenga kidogo kidogo, mmoja unanunua, mmoja unamfundisha, raundi ya tatu unampata mwingine. Mtu ambaye beki mmoja hamuwezi hapatikani raundi ya tatu mara nyingi, na kumnunua akiwa ameshaiva Dolphins wanajua, Tyreek Hill walimpa dola milioni 30 kwa mwaka.

Na upande wa pili wa kioo ni Panthers. Wamechukua kwotabeki namba 1, na ili wampate wakamtoa risiva wao bora, DJ Moore, ambaye ndo huyu leo yupo kwetu. Bryce Young akaangushwa mara 62, yadi 2,877, tachidauni 11. Sasa hivi kuna watu wanamuita amefeli, kijana wa miaka 22! Mimi siamini kama amefeli, naamini aliachwa uwanjani peke yake. Sitaki Caleb yamkute hayo na hasa mwaka wa pili na wa tatu, kwa sababu mwaka huu Moore na Allen wapo, ila Keenan Allen anafikisha miaka 32 Jumamosi hii hii ya drafti, mkataba wake unaisha mwisho wa msimu na mwaka huu peke yake anatugharimu karibu dola milioni 23. Tutamuongezea akiwa na 33? Sidhani. Hapo ndo Odunze anaingia: mwaka wa kwanza anajifunza kwa Allen, mtu anayejua njia za risiva kama wachache tu kwenye ligi, anakuwa wa tatu asiye na presha, na 2025 anakuwa wa pili ama wa kwanza akiwa bado bei rahisi mpaka 2028.

Kuna na historia, na hii kwa mshabiki wa Bears inauma. Klabu hii ipo tangu 1920 na ndo timu pekee kwenye NFL ambayo haijawahi kuwa na kwotabeki aliyefikisha yadi 4,000 msimu mmoja, rekodi yetu mpaka drafti hii ya 2024 ilikuwa ya Erik Kramer, 3,838 mwaka 1995. Na risiva mwenye yadi nyingi kuliko wote kwenye historia yetu ni Johnny Morris, 5,059, aliyestaafu 1967. Elfu moja mia tisa sitini na saba! Sisi ni timu ya difensi na wakimbiaji, Walter Payton, ile difensi ya 1985 iliyowapiga Patriots 46-10, na najivunia hayo yote, ila kila tulipopata kwotabeki tulimpa difensi nzuri na marisiva wa kuungaunga alafu tukashangaa hakui. Trubisky hivyo. Fields miaka yake miwili ya kwanza hivyo.

Au tushuke tu?

Hii ndo njia ya tano. Tuna machaguo manne tu drafti nzima, namba 1, 9, 75 na 122, raundi ya pili tuliitoa kwa Sweat, kwa hiyo kuna wanaosema Poles auze 9, ashuke, arudishe raundi ya pili. Hoja ya hesabu ni nzuri. Anayetaka kupanda ni nani lakini? Vikings wapo namba 11 na mwezi Machi wamejipatia na namba 23, kila mtu anaona wanatafuta kwotabeki, na J.J. McCarthy wa Michigan akiwa bado yupo kwenye 9 watapiga simu. Vikings wapo kundi letu, tunacheza nao mara mbili kila mwaka. Kushuka nafasi mbili ukampa hasimu wako kwotabeki wa miaka kumi, mimi naona hiyo bei haijafika hata kwa raundi ya kwanza nyingine juu yake. Broncos namba 12 wakipiga hiyo simu naweza kusikiliza, ila iwe tu Odunze na Alt wote wameshaondoka.

Namba 75 naiweka kwenye laini, tekli au senta anayeweza kukaa mwaka mmoja akijenga mwili, maana senta Coleman Shelton na gadi Ryan Bates walioletwa ni wa kuvusha daraja tu na Teven Jenkins akiwa mzima ni mnyama ila huwa hamalizi msimu. Namba 122 eji, kijana mrefu mwenye mbio hata kama bado hajui, Eberflus na watu wake wamfinyange. Hapo ndo nataka pengo la eji lijazwe mwaka huu, kwa mtu wa bei ndogo na pengine mkongwe mmoja baada ya drafti kwa hela iliyobaki, maana wakongwe wa nafasi hiyo huwa wanabaki sokoni mpaka Julai.

Kwa hiyo usiku ule macho yangu yatakuwa kwa Titans namba 7 na Falcons namba 8. Titans wakichukua tekli na Falcons, ambao wameshamlipa Kirk Cousins milioni 180 na shida yao ni kumfikia kwotabeki wa mwenzao, wakachukua eji, basi Odunze anadondoka mikononi mwetu na kadi ipelekwe sekunde hiyo hiyo wala simu zisipokelewe. Titans wakimchukua Odunze, maana nao wanahitaji risiva, na Alt akawa amebaki, Alt. Wote wawili wameondoka na Turner yupo, nasikiliza kwanza bei ya Broncos, isipokuwa na raundi ya pili ndani yake namchukua Turner. Na Bowers nitampigia makofi popote atakapoenda, ila isiwe Green Bay.